Binti aliyeacha hisabati Howard: uchambuzi wa kisa cha Mamie Phipps

Mwaka 1934 binti wa daktari kutoka Hot Springs, Arkansas, alishuka Washington kwenda kusoma hisabati. Alikuwa na miaka 17. Vyuo viwili vilikuwa vimemwahidi ufadhili, Fisk cha Nashville na Howard cha Washington, naye akachagua Howard. Hisabati ndiyo ingekuwa somo lake kuu, fizikia ikifuata. Mwaka 1938 alipovaa joho, shahada yake ilikuwa ya saikolojia. Na miaka 20 baada ya safari ile ya kwanza, majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Brown, walipotamka kwamba kuwatenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, tanbihi ya 11 ya hukumu yao ilielekeza kwenye utafiti ambao mizizi yake ni tasnifu yake ya uzamili.

Jina lake Mamie Phipps. Baadaye akawa Mamie Phipps Clark, na kama ilivyo ada, wengi wanamjua zaidi mumewe, Kenneth. Hata tanbihi yenyewe ina jina la mume peke yake.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu ya swali moja: ni nini hasa kilichomtoa binti huyu kwenye namba kikampeleka kwenye nafsi za watoto? Swali si la historia tu. Leo Marekani kuna miradi mingi ya kuwahamasisha wanafunzi wa vyuo vya kihistoria vya Weusi waingie kazi za afya ya akili: saikolojia, ustawi wa jamii, ushauri nasaha, tiba ya uraibu, udaktari wa magonjwa ya akili. Sababu ya miradi hiyo haina ubishi. Weusi ni kama asilimia 13 ya Wamarekani wote, lakini mwaka 2015 walikuwa kama asilimia 4 tu ya wanasaikolojia wa nchi ile, na kwa madaktari wa akili hali ni mbaya zaidi, yapata asilimia 2. Mtu mweusi anayetaka kuhudumiwa na mweusi mwenzake atazunguka sana kabla ya kumpata. Miradi huanzia hapo, na mara nyingi huishia kwenye mabango: picha ya mtaalamu mweusi anayetabasamu, chini yake maneno ya kumwambia mwanafunzi kwamba naye anaweza. Kisa cha Mamie kinanifanya niyatilie shaka mabango hayo.

Howard ya wakati ule

Vyuo vinavyozungumzwa hapa vimepewa maana na sheria ya elimu ya juu ya 1965: ni vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani weusi. Viko kama mia moja, vingi majimbo ya kusini. Cheyney cha Pennsylvania ndicho cha zamani kuliko vyote, cha 1837. Howard kilizaliwa 1867, miaka miwili baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha. Havikuwa vigeni kwa Waafrika pia. Mbiyu Koinange wa Kenya alipita Hampton, Virginia. Kwame Nkrumah alikuwa Lincoln, Pennsylvania. Na Hastings Banda alitoka Meharry, Nashville, na udaktari wake mwaka 1937, Mamie akiwa bado darasani Howard.

Miaka ile ya 1930 Howard ilikuwa na kundi la walimu ambalo sidhani kama chuo chochote cha Marekani kingeweza kujivunia mfano wake kwa ukubwa wa vichwa na udogo wa mishahara. Sababu yake inauma: vyuo vya Wazungu havikuwaajiri. Mweusi mwenye uzamivu, hata kama aliupata Cornell au Harvard, alijua atafundisha wapi.

Idara ya hisabati yenyewe haikuwa ya kubeza. Elbert Cox, mtu mweusi wa kwanza kupata uzamivu wa hisabati, aliyeupata Cornell mwaka 1925, alikuwa akifundisha hapo tangu 1929. Basi kama sura ya mtu anayefanana nawe mbele ya ubao ingetosha, Mamie asingehama. Bango lilikuwa hai, linatembea, lina chaki mkononi. Lakini alivyoeleza baadaye, walimu wa hisabati aliowakuta walikuwa wa mbali, baridi, hasa kwa wanafunzi wa kike. Simnyoshei Cox kidole. Ninachosema ni kwamba katika idara iliyokuwa na mfano bora kuliko wote wa kuigwa, msichana mwenye kipaji na ufadhili alikaa akajiona mgeni.

Wala si kwamba mwanamke mweusi hakuweza kufika huko. Euphemia Lofton Haynes, mzaliwa wa Washington hiyohiyo, alipata uzamivu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Amerika mwaka 1943, mwaka uleule ambao Mamie alipata wake wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Njia zote mbili zilipitika. Moja ilimkaribisha, nyingine ikamwacha mlangoni.

Aliyemgeuza

Aliyemkaribisha hakuwa ofisi wala mradi. Alikuwa mwanafunzi mwenzake, Kenneth Clark, mzaliwa wa Eneo la Mfereji wa Panama, aliyelelewa Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, mkubwa wake kwa miaka mitatu hivi. Kenneth naye alikuwa amegeuzwa. Aliingia Howard akitaka kuwa daktari wa tiba, akakaa katika darasa la utangulizi wa saikolojia la mwalimu mmoja, Francis Cecil Sumner, na udaktari ukamtoka kichwani. Akamaliza shahada ya kwanza 1935, ya uzamili 1936.

Tazama Kenneth alimwambia nini Mamie, maana hapa ndipo moyo wa kisa ulipo. Alimwonyesha kwamba saikolojia ingempa nafasi ya kufanya kazi na watoto, jambo ambalo tayari alilipenda, na kwamba ndani yake kuna ajira. Mapenzi aliyokuwa nayo tayari, na ugali. Hotuba ya kwamba watu wetu wanakuhitaji, ile ambayo leo hutangulia katika kila kongamano, haikuwa ndiyo ndoano. Uchungu wa jamii ulikuja baadaye, na ulipokuja ulimkamata barabara, lakini aliingia kwa mlango mdogo wa kawaida ambao binti wa miaka 18 anaweza kuupita bila kuinama.

(Ndiyo, walikuwa pia wapenzi. Walioana kwa siri mwaka 1937, kabla hajamaliza. Wanaoandaa mikakati ya kuvutia wanafunzi hawana kipengele cha hilo, na pengine ni bora.)

Kisha nyuma ya Kenneth yuko Sumner, na huyu anastahili kukaliwa kidogo. Alizaliwa Arkansas, mji wa Pine Bluff, jimbo moja na Mamie. Alisomeshwa sana nyumbani na wazazi wake, akaingia Lincoln akiwa na miaka 15 kwa mtihani maalumu kwa kuwa hakuwa na cheti cha sekondari. Mwaka 1918 aliitwa jeshini, akapelekwa Ufaransa, akarudi, na mwezi Juni 1920 Chuo Kikuu cha Clark, Massachusetts, kikampa uzamivu wa saikolojia, wa kwanza kwa Mmarekani mweusi. Tasnifu yake iliwahusu Freud na Adler, wachunguzi wa nafsi wa Vienna. Alifika Howard 1928, na kufikia 1930 saikolojia ikawa idara inayojitegemea. Taasisi za ufadhili zilikuwa zikimnyima fedha za utafiti, naye akawa anafasiri na kufupisha makala za kisayansi kutoka Kijerumani na Kifaransa, kwa maelfu. Walimu wa idara walikuwa wachache mno, ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Hakuwa malaika. Miaka ya 1920 aliwahi kuandika akitetea elimu ya Weusi iliyo ya kwao peke yao, na historia ikamchezea: wanafunzi wake ndio waliosaidia kuziangusha shule za kutenganishwa. Lakini kama mwalimu, hesabu yake inajieleza. Kufikia 1972 Wamarekani weusi waliokuwa wamepata uzamivu wa saikolojia walikuwa kama 300, na 60 kati yao walikuwa wamepita Howard kwa shahada ya kwanza au ya uzamili. Mmoja kati ya kila watano, kutoka idara moja isiyo na fedha.

Mfano wa aina hii haukuwa wa Howard peke yake. Solomon Carter Fuller, mzaliwa wa Liberia na mhitimu wa Livingstone, chuo cha Weusi huko North Carolina, ndiye anayetajwa kuwa daktari wa akili wa kwanza mweusi wa Marekani. Aliwahi kufanya kazi Munich katika maabara ya Alois Alzheimer mwenyewe, yule ambaye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni umepewa jina lake. Hospitali ya wanajeshi wastaafu weusi ilipofunguliwa Tuskegee, Alabama, mwaka 1923, na Weusi wakapigania madaktari wake wawe weusi huku Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, ikiandamana barabarani kupinga, baadhi ya madaktari hao vijana walipelekwa Boston kufundishwa na Fuller. Mtu mmoja, wanafunzi wachache, na hospitali nzima ikapata wataalamu. Nikitazama visa hivi viwili pamoja naona mkono unaomshika mkono mwingine, tena kwa majina.

Likizo moja ofisini kwa mawakili

Baada ya shahada ya kwanza, majira ya joto ya 1938, Mamie alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili ya akina Houston, Washington. Charles Hamilton Houston ndiye aliyekuwa akichora ramani ya kesi za kuupiga ubaguzi mahakamani, na wakili Thurgood Marshall na wenzake walikuwa wakiingia na kutoka. Binti wa saikolojia akawa anapiga chapa na kusikiliza. Mimi naiona likizo ile kuwa sawa na muhula mzima wa darasani. Alikwenda kama mfanyakazi wa kulipwa, si mgeni wa kutembezwa, na akaona maarifa yanavyogeuzwa kuwa silaha.

Aliporudi kuandika tasnifu yake ya uzamili, somo alilochagua lilikuwa namna watoto weusi ambao hawajaanza shule wanavyojitambua: ni umri gani mtoto anajua kwamba yeye ni mweusi, na akishajua anajionaje. Alifanya kazi na watoto wa Washington. Kutoka hapo ndipo yeye na Kenneth walipofika kwenye jaribio la wanasesere, maarufu hadi leo. Watoto 253 wa miaka 3 hadi 7, baadhi kutoka Arkansas ya shule zilizotenganishwa, wengine Springfield, Massachusetts, walikosoma pamoja na Wazungu. Mbele yao wanasesere wanne, wawili wa kahawia, wawili weupe. Nipe unayetaka kucheza naye. Nipe mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Na mwisho: nipe anayefanana nawe. Theluthi mbili walitaka kucheza na mweupe. Wako waliolia swali la mwisho lilipofika.

Wapo wataalamu waliolikosoa jaribio hilo, na hoja zao si za kupuuza: watoto wa kaskazini walimpenda mwanasesere mweupe hata zaidi ya wale wa kusini, jambo ambalo haliendi sawasawa na hoja kwamba shule za kutenganishwa ndizo chanzo. Lakini kwa uchambuzi wangu hapa, cha maana ni kwamba swali lenyewe lilitoka kwa mtu aliyekuwa mtoto mweusi Arkansas. Maprofesa wa Columbia hawakuwa wamelifikiria.

Ngazi zilizokatika

Sasa tufike pagumu. Howard haikuwa na uwezo wa kumpa uzamivu. Idara ya Sumner iliishia uzamili. Kila aliyetaka kuendelea alilazimika kuondoka, kwenda kwenye chuo cha Wazungu, akiwa peke yake au karibu na peke yake. Sumner alimsukuma Kenneth kwenda Columbia, naye akawa mweusi wa kwanza kupata uzamivu wa saikolojia hapo, 1940. Mamie alimfuata, na aliweza kwa sababu Mfuko wa Rosenwald, mfuko wa hisani uliowafadhili Weusi, ulimlipia miaka mitatu. Bila fedha zile, binti mwenye ndoa na mtoto mchanga asingesoma, awe na kipaji cha namna gani.

Msimamizi wake Columbia alikuwa Henry Garrett, mtu wa Virginia aliyeamini waziwazi kwamba Weusi ni duni kwa akili. Mamie alimchagua akijua. Miaka kadhaa baadaye, katika kesi ya Prince Edward County, Virginia, iliyosikilizwa Richmond mwaka 1952 na kuja kuunganishwa na ya Brown, Garrett alisimama kizimbani kuitetea shule ya kutenganishwa. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, wakamwita mwanafunzi wake wa zamani aje kumjibu. Alikuja.

Na baada ya uzamivu? Hapa ndipo kisa kinapowakosesha raha waandaaji wa miradi. Ile ajira ambayo Kenneth alimwambia ipo haikuwepo. Mwanamke mweusi mwenye uzamivu wa saikolojia katika New York ya miaka ya 1940 alikuwa kitu ambacho waajiri hawakujua wakiweke wapi. Mumewe alipata kufundisha chuo cha City College. Yeye alipata kazi ya kuchambua takwimu kuhusu wauguzi katika chama cha afya ya jamii, akaichukia, kisha nyingine ya utafiti kwenye taasisi ya elimu ya jeshi. Kazi ya maana ya kwanza ilikuwa kuwapima na kuwashauri wasichana weusi wasio na makazi, katika nyumba ya kulelea watoto ya Riverdale. Hapo akaona kwa macho yake kwamba Harlem nzima haikuwa na huduma kwa watoto wa aina ile.

Yeye na Kenneth wakayaendea mashirika ya huduma za jamii yaliyokuwepo, wakayaomba yapanue huduma zao zifike Harlem. Yakakataa. Basi mwaka 1946, kwa dola 946 alizokopa kwa baba yake, wakafungua kituo chao katika chumba cha chini cha majengo ya Dunbar. Ndicho kilichokuja kuitwa Northside Center for Child Development. Wazazi wakaanza kuleta watoto waliokuwa wameambiwa na shule kwamba ni taahira na kutupwa kwenye madarasa maalumu. Wakapimwa upya, wengi wao walikuwa na akili timamu kabisa. Mamie aliongoza kituo hicho hadi alipostaafu mwaka 1979.

Hebu tuhesabu. Ili mwanafunzi mmoja wa chuo cha Weusi, mwenye kipaji cha wazi, awe mtaalamu anayehudumia watoto wa Harlem, ilihitajika mwanafunzi mwenzake wa kumwita, mwalimu wa kumpokea, kazi ya likizo ya kumfungua macho, mfuko wa kumlipia miaka mitatu, ustahimilivu wa kufundishwa na mtu anayemdharau, na baba mwenye dola 946. Kumwita kulichukua mazungumzo. Hayo mengine yalichukua miaka 12.

Yaliyopo leo

Nikiyaweka hayo kando ya hali ya sasa, naona miradi imejifunza nusu ya kisa.

Iko iliyojifunza vizuri. Tangu miaka ya 1970 serikali kuu ya Marekani imekuwa na mpango wa ufadhili kwa wanafunzi wa makundi madogo wanaosomea saikolojia, ustawi wa jamii, uuguzi na udaktari wa akili. Ni Mfuko wa Rosenwald kwa sura nyingine. Idara ya serikali inayoshughulikia uraibu na afya ya akili, SAMHSA, imeipa fedha Morehouse School of Medicine ya Atlanta kuendesha kituo cha kuviunganisha vyuo vya Weusi katika nyanja hii: mafunzo, makongamano ya wanafunzi, ushirikiano na jamii zinazovizunguka vyuo. Na vyuo vyenyewe sasa vina ngazi ambayo Sumner hakuwa nayo. Howard inatoa uzamivu wa saikolojia, Jackson State ya Mississippi pia. Shule ya ustawi wa jamii ya Clark Atlanta, inayobeba jina la Whitney Young, ina mizizi ya tangu 1920.

Matukio nayo yameongeza uharaka wa jambo hili. Februari mosi 2022, siku ya kwanza ya mwezi wa historia ya Weusi, zaidi ya vyuo kumi vya aina hii vilipokea vitisho vya mabomu kwa siku moja. Wizara ya elimu ikatoa ruzuku kwa vyuo vilivyoathirika, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kwenye ushauri nasaha. Wanafunzi waliofungiwa mabwenini asubuhi ile hawakuhitaji bango la kuwaambia kazi ya mshauri ni nini.

Lakini tazama mwanafunzi wa leo anayetaka kuwa mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya kutibu. Shahada ya kwanza haitoshi. Lazima uzamili, na ndani ya uzamili saa zisizopungua 900 za mafunzo kwa vitendo, mengi yakiwa hayana malipo. Saa 900 ni wiki 22 na nusu za kazi ya kutwa bila mshahara. Mtoto wa familia isiyo na akiba anaingia zamu ya usiku dukani ili mchana akafanye kazi ya bure kwenye kliniki. (Aliyesomea ustawi wa jamii tangu shahada ya kwanza, mwenye saa 400 tayari, huruhusiwa na vyuo vingi kumaliza uzamili kwa mwaka mmoja hivi. Jambo hili lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila mlango wa mshauri wa masomo wa mwaka wa kwanza, kwa maana linaokoa mwaka mzima wa ada.) Akimaliza, kwa majimbo mengi atafanya kazi miaka miwili au zaidi chini ya msimamizi kabla ya leseni ya tiba. Kisha mtihani.

Na mtihani ndio Garrett wa zama hizi, asiye na uso. Mwaka 2022 bodi inayoutunga ilitoa hadharani takwimu ambazo watu walikuwa wakizidai kwa muda mrefu. Katika mtihani wa ngazi ya tiba, asilimia 84 ya Wazungu walifaulu mara ya kwanza. Kwa Weusi ilikuwa asilimia 45. Hawa si watoto waliokata tamaa. Wana uzamili mkononi, wana saa zao, wana wagonjwa wanaowategemea. Ukimhamasisha kijana wa miaka 18 aingie kwenye njia hii bila kumwambia namba hizo, wala kumwekea akiba ya ada ya mtihani na darasa la kujiandaa, umemfanyia nini? Umemwambia kama Kenneth kwamba ajira ipo, ila Kenneth alikuwa kijana wa miaka 20 na ushee asiyejua. Mradi wenye bajeti unajua.

Linganisha na Xavier cha New Orleans, chuo kidogo cha Kikatoliki, na ndicho chuo pekee cha Weusi kilicho cha Kikatoliki. Kwa miaka mingi kimekuwa kikipeleka Weusi wengi kwenye shule za udaktari kuliko vyuo vyenye fedha mara mia ya zake. Hakikufanya hivyo kwa kuwashawishi vijana kwamba udaktari ni kazi nzuri. Hilo kila mama wa New Orleans analijua. Kilifanya hivyo kwa kuwakaba: mazoezi ya pamoja ya kila wiki, wanafunzi wa mwaka wa juu wakiwafundisha wa chini, walimu wanaofuatilia kila jina hadi barua ya kukubaliwa ifike. Sijaona kwa nini saikolojia na ustawi wa jamii visipewe mkabo huohuo.

Kuna wanaosema tatizo ni la kabla ya yote hayo: kwamba nyumba za Weusi zenyewe huona magonjwa ya akili ni aibu, ya kufunikwa kama kombe ili mwanaharamu apite, na kanisa linatosha. Upo ukweli hapo. Sisi tuliokulia kwenye mitaa ambayo mtu akikasirika kidogo anatishiwa Mirembe au Mathari hatuna ubavu wa kuwacheka. Ila tusisahau aibu hiyo ina jirani yake, nayo ni woga wenye sababu. Mjini Tuskegee na vijiji vyake, kuanzia 1932 hadi 1972, huduma ya afya ya serikali ya Marekani iliwatazama mamia ya wanaume weusi wenye kaswende wakiugua bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Miaka yote minne ambayo Mamie alikaa Howard kusaka shahada yake ya kwanza, jambo lile lilikuwa likiendelea. Mtu akisita kwenda kliniki, ana kumbukumbu.

Kwa wasomaji wetu walioko Minnesota, Massachusetts au Texas, mnaokesha zamu kwenye nyumba za kuhudumia wenye magonjwa ya akili huku watoto wenu wakijaza fomu za vyuo, hili haliko mbali. Wengi mnawaambia watoto wachague uuguzi au kompyuta. Huenda kazi yenu ya usiku ndiyo ofisi yao ya akina Houston, na hamjawahi kuwaeleza mnachokiona mle.

Nirudi kwa Sumner nimalize naye. Alifariki Januari 1954, akiwa anazoa theluji nje ya nyumba yake Washington. Hukumu ilisomwa tarehe 17 Mei mwaka huohuo, na tanbihi ya 11 ndani yake. Kenneth alikuja kuwa rais wa kwanza mweusi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Mamie alikuwa Harlem, na watoto wake wa Northside. Na idara ambayo mwalimu wao aliijenga kwa miaka 26 ilikuwa bado haina ruhusa ya kumpa mtu yeyote uzamivu.